Tawi ya Mutondo kwa Tundu ya Tano

Tarehe 28, mwezi ya tisa

Eugénie, mutoto ya dada yangu mukubwa, alinipa hii agenda ya parokia na akaniambia: tonton, kila siku uandike mvula ilinyesha namna gani na majani iko namna gani, basi. Lakini muntu sawa minye haandike mvula peke yake. Hata mvula yenyewe ingesikia haya.

Kwanza ajue ni nani anaandika, yule mwenye atasoma. Ni minye Isidore, wa hapa Likasi. Baba yangu alitoka Kasai juu ya kazi ya mugodi, na minye nilizaliwa nyuma ya uwanja ya golfu, karibu sana mpaka mipira ilikuwaka inaanguka mu sufuria ya mama. Masomo yangu iliishia kwa mwaka ya sita. Kiisha nikakuwa kadi, ni kusema mutoto ya kubeba fimbo ya bachezaji. Na siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, directeur mumoja muzungu alishindwa kupitisha mupira juu ya ile muti mukubwa ya mutondo ya tundu ya tano. Alinipa fimbo kwa kunicheka. Nilipiga. Mupira ilipanda, ikapanda, ikaingia mu jicho, ni kusema mu shimo, ya tawi yenye inalala juu ya green, na haikushuka. Mpaka leo iko mule. Muti ilikomea juu yake, iliimeza sawa mutoto anameza bonbon. Muji yote inajua ile hadisi. Mugeni akifika, bananionyesha minye mbele ya kuonyesha kanisa.

Sasa mambo ya leo. Golfu ilikufaka zamani, bantu balilima mule muhogo na mahindi. Sasa ba membre ba cercle, ni kusema chama ya golfu, banaitaka tena. Nusu. Nusu ingine banataka kukata uwanja mu malupango ya kujenga manyumba. Balisikilizana hivi: Lundi ya Pasaka, Jumatatu, kutakuwa tournoi, mashindano ya golfu. Kama tundu zote tisa zinachezeka, golfu inabaki. Kama majani ya hata green moja iko mufu, banakata malupango.

Eugénie alisoma mambo ya udongo na mimea ku Lubumbashi, njo alipewa kazi ya kuchora uwanja upya. Ni kazi ya kwanza yenye itabeba jina yake. Minye ni chef ya bafanyakazi. Bila minye hangejua hata bendera inaangalia wapi.

Tarehe 5, mwezi ya kumi

Tulitembea tundu zote, Eugénie na minye na président ya cercle, Athanase, ingénieur mukubwa mwenye alikaa Afrika ya Kusini na anaitaja kila dakika kumi.

Plan yangu ilikuwa mu kichwa toka utoto: bunker mingi. Bunker ni shimo ya muchanga. Mupira ikiingia mule, mwenye mupira anatoka jasho. Nilisema kila green, pale majani inakatwa fupi sawa nywele ya soldat na bendera inasimama, tuizungushe bunker sita, sawa meno mu kinywa.

Eugénie aliniuliza: "Tonton, unataka bantu bacheze, ao unataka kubafunga ku Buluo?"

Buluo njo gereza yetu. Athanase alicheka mpaka miwani ilianguka.

Kiisha akafasiria, na nilisikiliza hata kama nilijifanya kufunga kiatu. Anasema bunker haiko gereza, iko ulizo. Unaiweka pale muchezaji muzuri anatamani kupita. Mwenye kuogopa anazunguka, anafika na pigo moja zaidi lakini anafika. Mwenye kujisifu anapita juu yake, na tunaangalia. Pale kwa "mwenye kujisifu" aliniangalia minye. Sikuelewa juu ya nini.

Basi tundu ya tano itakuwa na bunker moja tu, ku kushoto, mbali na green. Ku kuume, mutondo. Katikati, njia nyembamba. Ukipita kushoto ni mufupi lakini muchanga inakungojea. Ukipita kuume, muti inakufunga. Athanase hakupenda. Anasema tundu inapashwa kuonekana toka mwanzo mpaka mwisho sawa barabara, na muti ianguke. Sikujibu. Mutondo ilikuwa inatosha majani mupya, ile nyekundu ya mbele ya mvula, na upepo ilikuwa inaichezesha. Niliangalia jicho ya tawi. Iko pale.

Tarehe 11

Joto. Vumbi. Hakuna mvula. Nilihadisia bafanyakazi mambo ya mupira yangu. Mu hadisi ya leo nilikuwa na miaka tisa.

Tarehe 26, mwezi ya kumi

Mvula ya kwanza ya kweli. Ilipiga mabati mpaka hatukusikia padri.

Tarehe 28

Tulipanda majani. Haipandwe na mbegu. Inafika mu mifuko, unaivunja vipande-vipande kwa kidole, na bamama ba quartier, majirani zetu, banaipanda sawa banapandaka matembele: kidole kinatoboa udongo, kipande kinaingia, kisigino kinakandamiza, unasogea. Mustari nzima ya bamama, bote banainama, banaimba. Muke wangu Kabedi alikuwa mbele. Minye nilisimama ku kivuli kwa kuongoza.

Bakati ya kupumzika nilibahadisia. Kabedi alinyanyua kichwa, akaniambia mbele ya bote: "Baba Ricky, mwaka jana ulikuwaka na miaka kumi na tatu. Kwa Pentekoste kumi na moja. Sasa unafika kwa tisa. Karibu utaipiga ile mupira ukiwa mu tumbo ya mama yako."

Bamama balicheka mpaka mustari ilipinda. Green ya tano iko na mustari moja yenye kupinda, na ni makosa ya Kabedi.

Tarehe 10, mwezi ya kumi na moja

Green nane zinafunga vizuri, sawa zulia. Ya tano iko na kidonda. Iko ya rangi ya chai ya maziwa, ukubwa sawa gari ndogo, upande ya muti.

Asubui Eugénie alipanda vijiti pale kivuli ya tawi inaishia. Saa mbili vijiti, saa tatu vijiti ingine, saa inne ingine. Kiisha akaniita. Kidonda yote iko ndani ya vijiti, hakuna hata kidogo inje. Anasema majani hii inakula jua, ya asubui kupita yote, juu njo jua inakausha umande. Tawi yenye kulala inakula asubui yake. Tawi ianguke. Hapana muti, tawi tu.

Nilimwambia: mutoto yangu, kata hata mukono yangu, lakini ile tawi hapana. Akaniuliza juu ya nini. Nikasema ni kukosa maji. Akakusanya vijiti yake bila kunibishia. Nilikuwa chef ya kumwagilia, na mama yake alimufundisha heshima.

Tarehe 14

Réunion ya comité, bakubwa ba cercle. Athanase alisema basi muti yote ianguke, shida inaisha. Minye niliomba kusema. Nilisimama na nilisema sawa avocat mbele ya hakimu. Nilisema ukitosha mutondo, tundu ya tano inabaki korido ya hopitali: unaingia, unatoka, hakuna kitu umewaza. Bunker ya kushoto haina maana kama kuume hakuna kitu. Muntu atapita kuume kila siku, akilala. Ulizo inaomba pande mbili. Nilisema muti inacheza juu, bunker inacheza chini, na muchezaji eko katikati na moyo yake.

Balipiga mikono. Hata Athanase alikuna kichwa. Eugénie aliniangalia na macho ya kushangaa, sawa muntu mwenye anasikia mbuzi yake inasema kifaransa. Ku njia ya kurudi aliniambia: tonton, yote ulisema ni kweli. Kiisha akasema: lakini majani haikusikia.

Comité balikubali tawi ikae kwanza. Nilishinda. Sikula bukari yote mu sahani ile magaribi, sijue juu ya nini.

Tarehe 21

Kidonda inakuwa kubwa. Niliongeza maji. Inaanza kunuka sawa nguo ya mubichi.

Leo ni Ijumaa. Kikundi ya maombi ya mama Élisabeth banakuja kila Ijumaa kuomba chini ya mutondo, bila viatu, banazunguka, banaruka. Niliona ile miguu na nikasema: njo hii. Nilibafukuza. Nilisema kwa sauti, mbele ya bafanyakazi, kama banaua majani ya serikali. Majani haiko ya serikali. Mama Élisabeth alichukua kitambaa yake chini, akakunguta, akasema "Asante, papa," na bakaenda.

Tarehe 3, mwezi ya kumi na mbili

Vinkubala, bale viwavi ba kukula! Mutondo inajaa vinkubala, mpaka ukisimama chini unasikia kinywa yao, krrr, krrr, sawa mvula ndogo. Mwaka hii iko mingi sana, bazee basema habajaona. Minye nilishaona. Mwaka moja nilionaka vinkubala inakula muti na baiskeli yenye iliegemea.

Tarehe 9

Muti iko uchi. Hakuna jani. Bamama banaokota na vikapo, Kabedi alileta sahani tatu nyumbani, za kukaanga na nyanya.

Tarehe 19

Green ya tano inapona! Kidonda inapata vidole ya majani ya kijani, inaingia toka pande zote. Nilimwita Eugénie. Nilimwambia ni maji yangu na ni kufukuza bale ba miguu. Alipiga magoti, akagusa majani, akanyanyua macho kwa muti, akakaa vile murefu. Nilifikiri alikuwa anashukuru Mungu juu ya kumupa tonton sawa minye.

Noeli

Mvula. Kuku. Athanase alinituma chupa.

Tarehe 11, mwezi ya kwanza

Mvula ya kupasua. Ku Koni, pale umeme yetu inatoka, mashini ilisimama, basema mto iliingiza magogo. Muji yote ilikaa bila courant. Bunker ya tano ilibomoka: ukingo ilianguka, muchanga ilitembea mpaka mu njia.

Tuliijenga tena na udongo ya kichuguu, ile ya mchwa, inakandwa na maji na miguu mpaka inakuwa sawa sima ngumu. Niliomba kutengeneza ukingo minye mwenyewe. Niliinyanyua pande zote, juu sana, kuta ya kweli. Eugénie alikuja akakata upande moja chini. Nikauliza. Akasema shimo yenye haina pa kutokea haiko muchezo. Mutu ataacha kucheza, atarudi nyumbani na hasira. Lazima abaki na pa kutokea, hata kama inamuomba kwanza arudi nyuma.

Ile maneno ilinifuata mpaka nyumbani. Nililala nayo.

Tarehe 18

Mutondo ilivaa tena. Majani mupya, mingi kupita ya kwanza.

Tarehe 27

Kidonda inarudi.

Tarehe 29

Leo nilifika asubui, mbele ya bafanyakazi, nikakaa mu green ya tano chini, peke yangu. Sikumwagilia. Niliangalia tu.

Jua ilitoka nyuma ya muti. Green yote ya inje ya kivuli ilianza kungaa, umande ikapanda sawa moshi, majani ikakauka. Chini ya tawi, maji ilibaki juu ya majani, kila jani na tone yake, mpaka saa tano. Nilishika moja, ikakatika, ilikuwa laini sawa mboga ya jana.

Kiisha nikawaza. Bale ba maombi habajarudi toka mwezi ya kumi na moja, na kidonda iko. Maji nimeipunguza, kidonda iko. Kitu moja tu ilibadilika mara mbili: muti ilivua nguo, majani ikapona, muti ilivaa, majani ikaugua. Vinkubala ilifanya na meno yao ile kazi Eugénie aliomba, na walinifanyia minye mbele ya macho, na minye nilikula bashahidi na nyanya.

Eugénie alijua toka ile siku alipiga magoti. Alinyanyua macho kwa muti na akanyamaza. Alikuwa ananingojea.

Tarehe 1, mwezi ya pili

Sikuenda ku kanisa. Kichwa. Haikuwa kichwa.

Muntu mwenye atasoma atafikiri tawi ni tawi. Ngoja nikueleze. Minye siko ingénieur. Baba yangu alikuwa na jina ku mugodi, kaka zangu balipata diplome. Minye nilipata mupira. Kwa matanga, kwa ndoa, mu taxi-bus, muntu anasema: huyu njo yule wa mupira, hadisia, papa Isidore. Na ninakuwa muntu. Ile tawi ikianguka, quartier yote itakuja na mashoka kutafuta mule ndani.

Upande ingine kuko mutoto yenye nilibeba mu mugongo, na uwanja yenye itakatwa sawa mukate kama green moja iko mufu.

Nilimwambia Kabedi kama nitaomba bakate tawi. Alikuwa anapepeta unga. Aliacha.

"Na mupira?"

Nikasema tutaona.

"Siku banakata, utasema nini?"

"Sitasema kitu."

Aliweka lungo chini na akanigusa paji ya uso na mukono yenye unga. "Minye nitume bantu baite munganga," alisema. Lakini hakucheka. Toka tuoane ni mara ya kwanza alikuwa na nafasi nzuri ya kucheka na akaiacha.

Tarehe 2

Nilimupata Eugénie kwa tundu ya saba, anapima majani na rula. Nilimwambia: ile tawi, ikate. Alisimama.

"Tonton, una uhakika?"

Nikasema vinkubala ilinifasiria. Akanishika mukono, kidogo tu, sawa unashika muntu ku matanga. Kiisha akasema maneno yenye sikuingoja: kama hatakuta njia ingine alikuwa tayari kusogeza green yote upande ya magharibi, na alijua bakati haitoshe, lakini alianza kuichora. Alinionyesha karatasi. Tundu yote aliisogeza, njia, bunker, bendera. Muti aliiacha pale iko, na tawi yake yote. Hakuna muntu alimuomba.

Tarehe 6

Kesho njo siku. Osée, mwenye kukata miti, anakuja na musumeno ya moteur.

Nitaandika hapa, juu agenda haina kinywa. Mupira nilipiga. Ile ni kweli, nitaiapa mbele ya padri na mbele ya mama Élisabeth pamoja. Iliingia mu mutondo na haikushuka. Directeur hakuwa directeur, alikuwa comptable mumoja mwembamba wa kuandika hesabu, kila siku analia na mugongo. Alicheka, akanipa biskuti. Lakini iliingia mu tawi gani, sikuona. Jua ilikuwa mu macho. Jicho ya tawi niliichagua minye, nyuma, juu hadisi inaomba mahali pa kukaa.

Sasa niliikalisha mahali pa mubaya.

Tarehe 7, mwezi ya pili

Bantu balijaa sawa kwa match. Bamama ba kupanda majani, bafanyakazi, bazee, hata Athanase na miwani mupya. Mutu mumoja alileta kiti.

Osée alifunga kamba, akapanda, akakata polepole. Tawi ililia, ikateremuka na kamba, ikalala mu majani marefu upande. Hawakungoja. Bale ba mashoka balienda moja kwa moja kwa jicho. Balipasua. Mule ndani mulikuwa miti ya kuoza, nta nyeusi ya nyuki ba zamani, na konokono mumoja mufu. Balipasua tena. Balipasua mpaka tawi ilikuwa kuni.

Osée alijipanguza uso. Ni mutu mupole. Alisema pole-pole: "Papa Isidore, hapa mupira haiko."

Bote balinigeukia. Na minye nilikuwa na majibu tano mu kinywa, tayari, moja nzuri kupita ingine. Nyuki baliikula, mupira ya zamani ilikuwa na asali ndani. Muti iliishusha mu muzizi. Zilikuwa nzuri sana, hata sasa zinaniuma.

Lakini niliangalia nyuma yao. Jua ilikuwa inaingia mu green ya tano, yote, mara ya kwanza toka tuipande, mpaka ule mustari yenye kupinda ya Kabedi ulionekana. Eugénie alikuwa mule, magoti chini, na mukono wazi juu ya majani, sawa unapima homa ya mutoto.

Nikasema: "Haiko, njo haiko."

Balingoja niendelee. Sikuendelea. Walianza kuenda, mumoja-mumoja. Athanase alicheka kwa sauti, akasema basi muti iko na tumbo nzuri kupita yetu, na bamoja balicheka naye. Kabedi hakucheka. Alifunga kuni za tawi mu kitambaa, akaziweka ku kichwa, akatangulia nyumbani.

Tarehe 8

Mvula kidogo.

Tarehe 12

Mvula. Hakuna muntu aliniomba hadisi.

Tarehe 20

Kidonda inafungika. Mu taxi-bus kijana mumoja aliniangalia, akamunongonea mwenzake. Nilishuka mbele ya mahali pangu.

Tarehe 27

Ijumaa. Nilienda kwa mama Élisabeth. Sasa banaomba kando ya reli, mu mawe. Nilimwambia haikuwa miguu yao. Nilimwambia barudi.

Hakunisaidia. Aliniacha nimalize yote. Kiisha akasema: "Papa Isidore, toka utufukuze, tuliombea ile majani kila Ijumaa. Tulifikiri inagonjwa kweli, mpaka mutu mukubwa anapiga kelele vile."

Nilibaonyesha upande ya pili ya mutondo, pale kivuli iko mingi na majani haina kazi. Balikuja jioni ile ile. Banaruka sana, kweli.

Tarehe 15, mwezi ya tatu

Nilisikia ku soko Kabedi anaambia bamama kama mupira iko mu tawi ya pili, ile ya juu ya njia, kila mutu anajua. Yeye! Nyumbani nilimwambia asiseme vile. Akanijibu kama hadisi haiko yangu peke yangu, aliipikia miaka mingi.

Tarehe 30

Mvula inapunguka. Green tisa, zote kijani. Eugénie alilala ku kiti na viatu.

Tarehe 6, mwezi ya ine. Lundi ya Pasaka

Niandike mbele ya kusahau, hata kama maandiko inapinda, na haiko pombe. Kidogo iko pombe.

Bachezaji bengi, bengine toka Lubumbashi. Jua safi. Minye nilisimama kwa tundu ya tano toka mwanzo, juu nilitaka kuona ulizo ya Eugénie inaulizwa.

Iliulizwa. Munganga mumoja alipita kushoto, akaingia bunker, akapiga mara tatu akitafuta kupita kwa kuta. Kiisha akageuka, akatokea nyuma, kwa ile upande ya chini, na akacheka yeye mwenyewe. Mwenye kuogopa alizunguka na akafika. Kila mutu alisimama kwanza, akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akakuna kidevu. Hakuna aliyepita akilala.

Kiisha Athanase. Aliangalia mutondo, akasema sasa yenye tawi mukubwa moja tu iko muti nusu, atapita juu yake. Eugénie alimwambia polepole kama ile yenye kubaki njo yenye inalinda njia. Akasema ku Afrika ya Kusini anapitaka juu ya miti miwili.

Alipiga vizuri. Nitasema ukweli, alipiga vizuri sana. Mupira ilipanda, ikapanda, ikaingia mu majani ya tawi ya kuume. Tulisikia tok. Tulingoja. Haikushuka.

Balizunguka muti, Athanase mbele, shingo nyuma, mukono juu ya miwani. Alitikisa shina sawa inaweza kusikia. Kikundi ya mama Élisabeth, yenye ilikuja kuangalia, ilianza kuimba chini-chini, na sijue kama ilikuwa maombi. Bakati ya kutafuta ikaisha. Mupira inahesabiwa ya kupotea. Halafu, bila mutu kuagiza, vichwa vyote vilinigeukia minye.

Athanase alikuja mpaka karibu. Uso yake haikuwa uso ya président. Ilikuwa uso ya mutoto, miaka kumi na moja, ao tisa.

"Papa Isidore, weye ulikuwa hapa. Uliona?"

"Niliona, président. Haikushuka."

Alinishika mukono na mikono yake yote mbili.

Magaribi comité balihesabu tundu. Tundu zote tisa zilichezwa. Golfu inabaki, malupango hapana. Balisimamisha Eugénie mbele, balisema jina yake na jina ya mama yake. Alinitafuta na macho. Nilikuwa nyuma, karibu ya mulango, nilikuwa na kitu mu jicho, vumbi bila shaka, hata kama ilinyesha juzi.

Inje, Athanase alikuwa anabahadisia bale ba Lubumbashi. Mara ya kwanza ya kuhadisia, mupira yake ilipanda juu ya muti. Mara ya pili, kulikuwa na upepo. Mara ya tatu, ndege moja ilipashwa kugeuka. Watu balinitolea macho, banangoja nimukatalie. Kabedi alinisukuma na kiwiko.

Nilimungojea amalize. Alihadisia vizuri, ana kipaji. Kiisha nikamusogelea na nikamwambia mu sikio, sawa mutu ya kazi anaambia mwenzake:

"Président, ile tawi, usiache mutu aikate."